Antibiotiki Hushambulia Nini? Makundi ya Dawa na Matumizi Yake

Katika zahanati na kwenye dirisha la duka la dawa, mgonjwa husikika mara kwa mara akiomba "dawa kali". Kwa wengi ukali hupimwa kwa bei au kwa umbo: sindano huhesabiwa kuwa juu ya kidonge, na kapsuli ya rangi mbili juu ya kidonge cheupe. Ukali wa namna hiyo haupo. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, ndiyo mpaka leo tiba ya kwanza ya kaswende, na hakuna antibiotiki mpya iliyoipokonya nafasi hiyo. Dawa hiyohiyo haimsaidii chochote mwenye mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi. Anachopaswa kujiuliza mtoa huduma ni iwapo kile kinachoshambuliwa na dawa kimo katika kimelea anayemwuguza mgonjwa, na iwapo dawa itafika mahali kimelea huyo alipo.

Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta mgumu ambao seli za binadamu hazina. Ndani ya bakteria mna shinikizo kubwa la maji, na ukuta ndio unaomzuia asipasuke. Kila anapokua na kugawanyika hulazimika kuubomoa kidogo na kuujenga upya, na vimeng'enya maalumu hufunga nyuzi za ukuta huo zishikane, mithili ya fito za nyumba ya udongo zinavyofungwa kwa kamba. Penisilini na jamaa zake hujipachika kwenye vimeng'enya hivyo na kuvizuia visifunge. Ukuta hulegea, maji huingia, bakteria hupasuka. Kwa sababu shabaha hiyo haimo katika mwili wa mtu, dawa za jamii hii huvumiliwa vizuri na wagonjwa wengi, wakiwamo wajawazito. Kwa sababu hiyohiyo hazimwathiri bakteria asiye na ukuta kabisa, kama vile mikoplazima anayeleta aina mojawapo ya nimonia, hata dozi iongezwe mara kumi.

Ukuta haujengwi kwa saa moja, na hapa ndipo saa za kumeza dawa zinapopata maana. Amoksisilini huondolewa na figo upesi. Nusu ya kiasi kilichomo katika damu hutoweka kwa muda wa saa 1 hivi. Kinachotakiwa ni dawa ibaki katika kiwango cha kutosha kwa sehemu kubwa ya siku, ndiyo maana hutolewa mara 2 au 3. Mgonjwa anayemeza vidonge vyote vya siku asubuhi ili asisahau huwaachia bakteria usiku mzima wa kujenga. Penisilini ya benzathini ni kinyume chake: ikishachomwa kwenye msuli huachiliwa polepole kwa wiki kadhaa. Kimelea wa kaswende hugawanyika taratibu mno, hivyo dozi moja ya dawa inayokaa muda mrefu hutosha kwa kaswende changa, na sindano moja kila baada ya wiki 3 au 4 humkinga mtoto aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi asirudiwe na ugonjwa unaoharibu valvu za moyo. Hapo sindano ina sababu.

Seftriaksoni ni ya ukoo huohuo wa dawa za ukuta. Hupenya hadi kwenye maji ya uti wa mgongo wakati wa uvimbe, kwa hiyo ni tegemeo katika homa ya uti wa mgongo. Hutibu pia kisonono. Na hudumu mwilini kiasi cha kuweza kutolewa mara 1 kwa siku katika magonjwa mengi. Wepesi huo umeiponza, maana huandikwa hata pasipostahili. Mtoto wa miezi 10 mwenye nimonia isiyo na dalili za hatari hutibiwa kwa amoksisilini ya vidonge vinavyoyeyushwa katika maji. Sindano ya seftriaksoni haimwongezei nafuu. Humwongezea maumivu, na huwaua bakteria dhaifu wa utumbo wake huku ikiwaacha wale wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Hao ndio wanaoweza kukutwa katika damu yake siku atakapougua kwelikweli. Kimeng'enya cha namna hiyo ndicho pia sababu ya kuchanganya amoksisilini na asidi ya klavulaniki: asidi hiyo haiui bakteria kwa kiasi cha maana, bali humshughulisha mvunjaji ili amoksisilini ifanye kazi. Mahali ambapo kimeng'enya hakipo, mchanganyiko huo hauna faida juu ya amoksisilini pekee, na huharisha zaidi.

Kundi la pili hulenga ribosomu, viwanda vidogo ambamo bakteria hutengeneza protini. Binadamu naye ana ribosomu, lakini umbo lake ni tofauti, na dawa hutumia tofauti hiyo. Jentamisini huvuruga usomaji wa maelekezo kiwandani, hivyo protini mbovu hujaa na bakteria hufa. Ili iingie, bakteria sharti awe anatumia oksijeni. Kwa hiyo ndani ya jipu, ambamo oksijeni ni haba na usaha una asidi, jentamisini hushindwa. Jipu hupasuliwa. Kwa mtoto mchanga mwenye dalili za maambukizi makali, jentamisini huunganishwa na ampisilini, na muungano huo si wa kuongeza idadi ya dawa tu: kila moja hufika kwa bakteria ambao nyingine huwaacha, na kwa baadhi yao ampisilini hulegeza ukuta ili jentamisini ipite kwa urahisi. Tofauti na penisilini, jentamisini hutegemea kilele cha dawa katika damu, na athari yake huendelea hata kiwango kikishashuka. Ndiyo sababu dozi moja kubwa kwa siku hupendekezwa mara nyingi badala ya ndogo ndogo. Inaweza kudhuru figo na sikio. Figo mara nyingi hupona. Usikivu uliopotea kwa kawaida haurudi. Uzito wa mgonjwa hupimwa, haukisiwi.

Doksisaiklini nayo hukaa kwenye ribosomu, ila huzuia tu uzalishaji, na kinga ya mwili humalizia. Hutumika katika tauni, brusela pamoja na dawa nyingine, na kipindupindu, ingawa katika kipindupindu kinachookoa maisha ni maji na chumvi, dawa ikifuata nyuma. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi ya tumbo huishika na kuizuia isifyonzwe. Mama anayekunywa vidonge vya damu na doksisaiklini kwa glasi moja ya maziwa amepoteza sehemu ya tiba. Humezwa kwa maji mengi na mgonjwa asilale mara moja, kwa maana kidonge kikikwama huchoma koo la chakula. Azithromaisini hujikusanya ndani ya seli na kutoka humo kwa siku nyingi, hivyo dozi moja hutosha kwa trakoma.

Siprofloksasini na levofloksasini hushika vimeng'enya vinavyokunjua na kukunja DNA, na bakteria hubaki na nyuzi zilizokatika. Ni dawa zenye upeo mpana, na hatari yake kubwa katika nchi zenye kifua kikuu haizungumzwi vya kutosha. Levofloksasini humpunguza nguvu kimelea wa kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha wiki 3 akiandikiwa dawa hiyo kabla makohozi hayajapimwa, hupata nafuu ya muda, kipimo huweza kukosa kuonyesha kitu, familia huendelea kuambukizwa, na dawa inayotegemewa dhidi ya kifua kikuu sugu huwa imechezewa. Makohozi kwanza, levofloksasini baadaye, kama itahitajika. Maumivu ya kano ya kisigino kwa anayetumia dawa hizi ni sababu ya kuziacha mara moja na kumwona daktari.

Kotrimoksazoli ina dawa mbili zinazofunga hatua mbili zinazofuatana katika utengenezaji wa foleti. Binadamu hupata foleti katika chakula, bakteria wengi hujitengenezea. Kwa watu wanaoishi na VVU hutolewa kila siku kama kinga; upele wenye malengelenge au vidonda vya mdomoni humlazimu mgonjwa kuiacha na kwenda kituoni siku hiyohiyo. Metronidazoli huwa sumu kwa kimelea pale tu penye upungufu wa oksijeni, ndiyo maana huwaua amiba, giadia na bakteria wa majipu ya tumboni, lakini haina kazi katika nimonia ya kawaida. Nitrofurantoini hutibu kibofu tu, kwa sababu hufikia kiwango cha kuua ndani ya mkojo na si katika damu; mwanamke mwenye homa, kutapika na maumivu ya kiuno ameambukizwa figo, naye huhitaji dawa nyingine.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba. Amoksisilini, doksisaiklini na jentamisini zimo katika la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini zimo katika la pili, ingawa katika mitaa mingi hununuliwa kama peremende.

Limebaki jambo la mzio. Wagonjwa wengi walioandikwa "ana mzio wa penisilini" walipata kichefuchefu au kuharisha, ambayo ni maudhi ya dawa na si mzio. Anayeandikwa hivyo bila kuulizwa hunyimwa maisha yake yote dawa bora za ukuta. Mtoa huduma aulize nini kilitokea, baada ya muda gani tangu kumeza, na kama palikuwa na vipele vya kuwasha, uvimbe wa uso au kushindwa kupumua. Kisha aandike majibu hayo kwenye kadi, si neno "mzio" peke yake.