Aliyefika wa Mwisho

Msafiri ashukaye Isaka huona mara moja kwamba huu ni mji wa kungoja. Reli ya Tabora na Mwanza yapita hapa, malori yaendayo Rwanda na Burundi hukusanyika hapa, na katika ile bandari kavu shehena hushushwa, huandikwa na kupakiwa tena. Dereva angoja karatasi, utingo angoja dereva, na mama mwenye sufuria ya wali angoja wote wawili waone njaa. Upande wa Bulyanhulu mpaka Geita wachimbaji wadogo wangoja mwamba. Mashambani mkulima wa pamba na wa mpunga atazama mawingu. Hatudhani kwamba wako watu wengi nchini wajuao habari za kungoja kuliko hao. Kwa hiyo twapenda juma hili kusema nao, na jamaa zote za Kikristo popote zilipo, juu ya fadhila ya uvumilivu. Maana mtu aweza kungoja maisha yake yote asiwe mvumilivu hata siku moja. Hata jiwe hungoja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipopanga fadhila kila moja mahali pake, aliuweka uvumilivu chini ya Nguvu, ile fadhila ya mashujaa na mashahidi. Watu wengi hustaajabu wasikiapo hivyo, kwa kuwa wamezoea kumwita mvumilivu mtu mpole asiyesema neno. Fundisho la mtakatifu huyo ni kwamba mvumilivu ni yule ambaye huzuni haimwondoi katika jema aliloshika. Huzuni yamjia kama ijavyo kwa wengine, pengine yamliza, lakini jema lile hakuliachia.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, na tutazame uwanja wa michezo. Mtakatifu Paulo mwenyewe hakuona haya kufanya hivyo. Alipowaandikia Wakorintho, aliandikia watu ambao karibu na mji wao kulifanyika mashindano makubwa ya Isthmia, na taji ya mshindi ilikuwa ya majani tu, ya msonobari au ya mboga iliyokauka. Katika sura ya tisa ya barua yake ya kwanza awakumbusha jinsi wanariadha wajinyimavyo mengi kwa ajili ya taji iharibikayo, akataja pia mpiganaji wa ngumi asiyepiga hewa. Wasomaji wetu na waifungue sura hiyo jioni hii, waisome pamoja na watoto.

Sisi Watanzania tunaye mkimbiaji wetu wa kumtazama. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, watu 75 walianza mbio ya marathoni, yaani kilomita 42 na zaidi. Mmoja wao alikuwa John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mji ule uko juu sana, karibu mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Misuli ya Akhwari ilianza kukaza. Kisha, wakimbiaji waliposongamana wakigombea nafasi, alianguka. Goti lilipasuka na kuteguka, bega nalo likaumia. Alifungwa bandeji, akainuka, akaendelea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa na watu wengi walikuwa wamekwenda zao. Waliosalia walimwona mtu akichechemea, kitambaa kikining'inia mguuni. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. 18 walikuwa wameacha njiani. Alipoulizwa sababu ya kutoacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Habari hii imehubiriwa mara nyingi, na mara nyingine, kwa maoni yetu, imehubiriwa vibaya. Wako wanaoisimulia kana kwamba kufika wa mwisho ndiko kutakatifu. Akhwari hakwenda Mexico ili awe wa mwisho. Alikuwa mkimbiaji hodari kweli kweli: mwaka 1970, katika mashindano ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, muda ambao ungalishinda kule Mexico, ijapokuwa hewa ya miji hiyo miwili hailingani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekubali kuonekana na ulimwengu akichechemea. Mtu dhaifu akiwa wa mwisho hapotezi sana. Mwenye uwezo ndiye apotezaye sifa yake, na Akhwari aliitoa ile sifa ili amalize kazi aliyotumwa.

Tena na tuangalie jambo hili: goti lilipoteguka, hakuwa na nafasi ya kwenda kutafuta tabia mpya. Alitumia ile aliyokwisha kuwa nayo. Ilikuwa imefanywa zamani, asubuhi moja baada ya nyingine, pasipo mtazamaji. Hivyo ndivyo fadhila zote zifanywavyo. Mzazi atakaye mwanawe awe mvumilivu siku ya msiba mkubwa, na amfundishe leo kumaliza kuosha vyombo alivyoanza kuviosha.

Yuko na mwingine, Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia, huku ametangulia tangu mwanzo. Mwaka 1976 watu wengi walimngoja Montreal. Lakini Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, haikwenda, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi. Bayi alibaki nyumbani kwa ajili ya haki ya watu wengine. Mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000, mwaka ule ule, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka leo. Medali ya mita 1,500 hakuipata kamwe. Twaitaja habari hii kwa kuwa baadhi ya wahubiri huwaahidi watu kwamba mvumilivu hurudishiwa kila alichokipoteza, tena upesi. Mungu hakuahidi hivyo. Yako mambo tupotezayo duniani ambayo hayarudi kabla ya ufufuko, na uvumilivu usiojua hilo huvunjika siku ya kwanza ya kukawia.

Sasa turudi kwenye machimbo. Ashukaye katika duara ajua kwamba matimba ni kazi ya kuchosha isiyoleta hata chembe ya dhahabu. Kukata mti, kuushusha, kuukaza penye udongo uliolegea: siku nzima yapita na mfuko mmoja wa mawe haujatoka. Asiye na uvumilivu husema, na tuchimbe kwanza, matimba kesho. Wajane wa sehemu hizi hawahitaji tuwaeleze mwisho wa maneno hayo.

Iko haraka nyingine isiyo na vumbi. Kijana hukaa kivulini na simu yake, akabashiri matokeo ya mpira wa Ulaya, na fedha ya mbolea, au ya ada ya mdogo wake, huishia katika huo wanaouita mkeka. Mchezo uliokusudiwa kumfundisha jasho na kungoja wamfundisha kutajirika kwa jasho la mtu asiyemjua. Hatusemi kwamba kila atiaye shilingi amekwisha kutenda dhambi ya mauti. Twasema kwamba baba wa watoto watano abashiriye kila Jumamosi amekwisha kuiibia nyumba yake.

Na haraka iliyo mbaya kupita zote imemwaga damu. Tangu karibu mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika nchi hizi za Ziwa, pamoja na sehemu za Shinyanga na Geita, kwa kuwa wapiga ramli waliwaambia watu kwamba viungo vya wanadamu hao huleta bahati ya dhahabu na ya samaki. Walionunua uongo ule hawakuwa wote mashetani tangu kuzaliwa. Wengine walikuwa watu waliochoka kungoja. Mkristo apelekaye hata kuku kwa mpiga ramli ili duara lake litoe mali amekwisha kukanyaga mwanzo wa njia ile ile, na kwake kitubio ni cha leo.

Tuseme na neno moja kwa wenye mamlaka, maana fadhila hii huibiwa kwa urahisi. Tajiri asiyewalipa vibarua wake miezi mitatu hana ruhusa ya kuwahubiria uvumilivu. Mnunuzi wa pamba akawiaye kulipa, mume ampigaye mkewe kisha kumkumbusha mateso ya Bwana wetu, hao wote hawafundishi fadhila. Wataka waonewa wanyamaze. Kibarua aweza kudai haki yake mbele ya sheria na akabaki mvumilivu kabisa, maadamu haitafuti kwa chuki wala kwa uongo.

Twajua kwamba vigango vingi vinatayarisha mechi za vijana, na katika vijiji kombe ni mbuzi. Ni jambo jema, nasi twawatia moyo mapadre na makatekista wasilizuie. Tungependa mambo machache tu yaangaliwe. Mpira uanze baada ya Misa, wala Misa isifupishwe kwa ajili yake. Refa asiwe mjomba wa mlinda mlango. Wale wa akiba, waliokaa kando mchezo mzima wasiitwe, na wao pia wale ile nyama, tena wasiwekewe utumbo.