Mgala Muue na Haki Yake Mpe: Majeshi Yapi ya Kale Yaingizwe katika Mchezo wa Vita wa Ziwa Viktoria?

Utangulizi

Mchezo wa vita ni mchezo ambamo mchezaji huchukua nafasi ya amiri jeshi. Hupanga vikosi, huhesabu chakula na silaha, huisoma ardhi, kisha humkabili mwenzake aliye na vikosi vyake. Mwaka wa 1824 afisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa aina hii ili kuwafunza maafisa wenzake. Siku hizi huchezwa mezani kwa vinyago vidogo au kwenye kompyuta. Kwa vyovyote vile, swali la kwanza la mbunifu ni moja: ni majeshi yapi yaingizwe?

Jibu la mazoea ni Warumi, Wagiriki, Waajemi na Wamisri. Sehemu kubwa ya Afrika imeingia kwa kuchelewa. Age of Empires II, mchezo uliotolewa mwaka wa 1999, ulisubiri hadi 2015 ndipo Waethiopia na Wamali wakaongezwa. Civilization VII, uliotolewa mwaka wa 2025, umewajumuisha Waganda, na hivyo Ziwa Viktoria limepata kubisha hodi. Swali la makala hii ni hili: iwapo wanafunzi wa Kisumu wangebuni kwa Kiswahili mchezo unaohusu ziwa hili, wangeyachagua majeshi yapi, na kwa vigezo gani? Hoja yetu ni kwamba jeshi listahili kuingizwa kwa sababu tunajua lilivyopigana na lilivyoshindwa. Umaarufu wake, au mapenzi yetu kwalo, havitoshi.

Maana ya "kale"

Katika kanuni nyingi za Ulaya, zama za kale hukoma Dola ya Rumi ya Magharibi ilipoanguka mwaka wa 476. Tukiukubali mpaka huo, ziwa letu halitakuwa na jeshi hata moja. Si kwamba watu hawakupigana, bali ushahidi wa kutosha kuhusu mapigano yao unatoka katika karne za baadaye. Kwa bahati njema, neno "kale" katika Kiswahili halifungamani na mwaka maalumu. Msimulizi asemapo "hapo kale" humaanisha wakati uliotangulia mpangilio wa mambo tuliouzoea. Kwa wakazi wa Kisumu, mpangilio huo uliletwa na reli iliyofika Port Florence mnamo Desemba 1901. Tunapendekeza basi mchezo uanzie karne ya 16 na ukomee mwaka wa 1905, upinzani wa Wanandi ulipovunjwa. Aidha, kipindi hicho kigawanywe sehemu mbili, kabla ya bunduki na baada yake. Kuzichanganya sehemu hizo ni kumdanganya mchezaji.

Vigezo vya uteuzi

Vigezo vyetu ni vitatu. Cha kwanza ni ushahidi: je, pana maandishi, magofu au masimulizi yanayokubaliana? Cha pili ni utaratibu: nani aliwaita wapiganaji, nani aliwaongoza, na walipigana kwa mbinu gani? Cha tatu ni udhaifu. Jeshi lisilo na udhaifu ni sifa tupu, nao mchezo hauchezeki kwa sifa.

Majeshi yanayopendekezwa

La kwanza ni jeshi la majini la Buganda. Mwaka wa 1875 Henry Morton Stanley alilishuhudia jeshi la Kabaka Mutesa likienda kuwapiga Wavuma, wenyeji wa visiwa vya Buvuma. Alihesabu mitumbwi 325, na kati yake 230 aliiona kuwa inafaa kwa vita. Mitumbwi hiyo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, jambo ambalo litamkumbusha msomaji mtepe wa Lamu. Wapiga makasia wengi walitoka visiwa vya Ssese, na mkuu wa mitumbwi alikuwa na cheo cha Gabunga. Udhaifu wake u wazi: wapiganaji wengi wa Mutesa walikuwa watu wa nchi kavu, hali Wavuma waliyajua maji. Pamoja na wingi wote huo, vita vilikwisha kwa mapatano. Kwa sababu hiyo Wavuma nao waingizwe, ili mchezaji ajifunze kwamba wachache wenye ujuzi wanaweza kuwashikilia wengi.

La pili ni jeshi la Wanandi. Nguvu yake ilikuwa katika utaratibu. Vijana waligawanywa kwa marika, na wapiganaji wa kila eneo waliunda kikosi kilichoitwa pororiet. Orkoiyot alitakiwa ushauri kabla ya mashambulizi, lakini hakuwa jemadari wa uwanjani. Wanandi walipenda kushambulia usiku na kurejea milimani, wakawasumbua Waingereza tangu 1895 hadi 1905. Udhaifu ulijitokeza pale kiongozi mmoja alipobeba matumaini ya wengi. Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani, na upinzani ukafifia. Kanuni za mchezo zisiufiche usaliti huo, wala zisiufanye hila ya kusifiwa.

La tatu ni wapiganaji wa Kijaluo, na hapa pana mtego. Hapakuwa na "jeshi la Wajaluo" moja. Kila nchi, au piny, ilikuwa na ruoth wake na wapiganaji wake, jolweny, waliobeba mkuki na ngao ya ngozi. Kano ingeweza kupigana bila Alego kujihusisha. Mbunifu atakayewaunganisha chini ya mfalme mmoja atakuwa amebuni dola ambayo haikuwapo. Kwa hiyo kila piny iwe upande wake, na miungano ipatikane kwa majadiliano wakati wa kucheza.

Pamoja nao ziingizwe ngome. Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ni maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji wala udongo wa kuunganishia, na huenda yalianza kujengwa katika karne ya 16. UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Jamii mbalimbali ziliyakalia kwa kupokezana. Kwa hiyo maboma hayo yasiwe mali ya kabila moja katika mchezo. Yawe ya yule anayeyashika.

La nne ni majeshi ya Wanga na Bukusu. Nabongo wa Wanga alitumia wapiganaji wa kukodi wa Kimaasai, nao misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipiga kambi kwake. Wabukusu walijikinga kwa maboma ya kuta za udongo yaliyozungukwa na mahandaki. Boma la Chetambe lilianguka mwaka wa 1895 mbele ya bombomu za Waingereza na washirika wao. Hapa ndipo mgawanyo wetu wa vipindi unapothibitika: ukuta uliotosha kuuzuia mkuki haukutosha tena.

Je, Lwanda Magere?

Wengi watadai shujaa wa Kano mwenye mwili wa jiwe aingizwe. Sisi tunasita. Magere hafi kwa mkuki unaomlenga yeye. Hufa kivuli chake kinapochomwa, baada ya mke aliyetoka kwa maadui kuijua siri yake. Fumo Liyongo wa pwani naye huuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe mwenyewe. Masimulizi yote mawili yanafunza jambo moja: nguvu huangushwa na siri iliyotoka nyumbani. Basi Magere asiwe kikosi, bali awe kanuni. Kila upande uwe na siri moja, na mpinzani apewe njia ya kuipeleleza.

Suala la istilahi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kazi kubwa iko hapa. "Jeshi" na "askari" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na "askari" hutuletea picha ya sare na mshahara. Kumwita kijana wa pororiet askari ni kumvika vazi lisilo lake. "Morani" nalo latoka kwa Wamaasai, halimfai kila mtu. Tunapendekeza "mpiganaji" liwe neno la jumla, na majina ya wenyewe yabaki kwa vikosi mahususi. Kwa kanuni za uchezaji tuna hazina ya bao, ambalo Wajaluo wana ndugu yake, ajua. Bao limetupatia kete, nyumba, mtaji na kutakata. Lugha yenye istilahi hizo haihitaji kuomba msamiati wote kwingine.

Tahadhari

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwaua zaidi ya Wakenya 1,000, na Kisumu iliumia. Mchezo unaomfanya jirani kuwa adui wa kudumu unaweza kuchochea chuki hiyo. Hata hivyo, kuyafuta majeshi ya kale si dawa, kwani historia iliyofichwa husimuliwa upya na wachochezi. Tunashauri mambo mawili. Kwanza, kila mchezaji alazimike kubadilisha upande, ili kijana wa Kano aongoze pororiet na wa Nandi ailinde Kano. Pili, biashara na ndoa ziwe na alama sawa na ushindi wa vita. Hata kisa cha Magere chakubali kwamba maadui walioana.

Hitimisho

Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Methali hii ilitokana na vita, na bado ilitambua kwamba adui ana haki. Mchezo wa ziwa letu utafaa iwapo mchezaji atainuka mezani akijua kwa nini jirani yake alipigana vile alivyopigana.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini kuwaunganisha Wajaluo chini ya jeshi moja ni kosa la kihistoria.
2. Linganisha kifo cha Lwanda Magere na cha Fumo Liyongo.
3. Pendekeza istilahi tano za bao zinazoweza kutumika katika mchezo wa vita, na utetee uteuzi wako.