Nyumba za Ndege Katika Ua wa Mji wa Kale

Wengi wetu huona kuwajengea ndege makao ni kazi ya wenye bustani kubwa kule Nyali. Sisi wa Mji wa Kale tuna ua tu, hatua sita kwa nne, wenye mrehani, asumini na mkomamanga ndani ya debe. Mimi nasema unatosha, mradi umjue adui.

Mwaka jana nilitundika kikapu cha ukindu barazani. Tetere wakatandika vijiti, wakataga mayai mawili. Siku moja narudi shuleni, nakuta maganda sakafuni na kunguru watatu ukutani. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe umewapakulia kunguru!" Niliudhika, lakini alisema kweli.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Ni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, na mwaka 1947 alikwisha onekana Mombasa. Mayai na makinda ya ndege wadogo ni chakula chake. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja.

Basi nyumba ya ndege hapa kwetu yataka mlango mdogo. Nilichukua mbao za kasha la matunda nikapiga sanduku, upana sentimita 15, kwenda juu 25. Tundu liwe kama sentimita 3: shomoro hupita, kunguru haingizi hata kichwa. Litoboe juu, karibu na paa, ili mdomo wake usifikie mayai chini. Usiweke kijiti mlangoni, kwani shomoro hakihitaji na kunguru atapata pa kusimama. Sakafuni toboa vitundu vya kutoa maji ya masika.

Chozi hataki sanduku. Yeye hujishonea mfuko unaoning'inia, mlango ubavuni. Mpandie mshubiri, atakuja kufyonza maua.

Lakini kazi yote ni bure ikiwa ndoo ya taka iko wazi na vichwa vya samaki vimejaa. Yetu tumeifunika kwa sinia kuukuu na jiwe juu.

Shomoro wamekwisha ingiza manyoya na nyuzi. Tetere hawajarudi. Nataka kuzungushia kikapu chao wavu wa chuma, ila sijapata kipimo cha matundu kitakachompitisha tetere na kumzuia kunguru. Anayekijua na aniambie.