Dondoo muhimu: Kulala nyumba ya kale, Mji Mkongwe

Kabla hujalipia chumba, uliza kiko ghorofa ya ngapi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kabla ya lifti, na ngazi zake ni za mwinuko mkali. Mwenye magoti mabovu aombe cha chini. Wa juu atafaidi upepo, na akibahatika, bahari.

Ukikuta chumba kirefu na chembamba, usidhani umepunjwa: upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hunyonya maji, kwa hiyo nguo mbichi zianike darini au uani, usizitundike ukutani hata kama ndoano ipo.

Gari haliingii vichochoroni. Beba begi unaloliweza, na uombe hoteli ikutumie mtu wa kukupokea mahali panapojulikana, kama Forodhani.

Adhana ya alfajiri utaisikia. Asiyetaka kuamka aje na pamba za masikio. Mapokezi hawana la kumsaidia.