Maneno ya Kiingereza Yatupotezayo

Mtoto wa Tukuyu humwamkia mwenziwe kwa neno "Ugonile," na maana yake hasa ni kumwuliza kama amelala. Lakini akikutana na Mwingereza hamwulizi habari za usingizi, bali husema "Good morning." Vivyo hivyo mtoto wa Iringa asemaye "Kamwene" ajua kwamba salamu haihamishwi neno kwa neno. Kanuni hiyo tunayoishika katika salamu, mara nyingi twaisahau katika maneno mengine. Tazameni haya manne.

1. KUAZIMA. Kwa Kiswahili atoaye kitu huazima, na apokeaye huazima. Kwa hiyo wanafunzi wengi husema "Borrow me your pen." Si sawa. "Borrow" ni kazi ya apokeaye, na "lend" ni kazi ya atoaye. Semeni "Lend me your pen," au "May I borrow your pen?" Ili mkumbuke, fikirini habari ya fedha. Hapo Kiswahili chenyewe hutenga kukopa na kukopesha: "borrow" hufuata kukopa, na "lend" hufuata kukopesha. Wala si jambo dogo. Mtu akiandika katika barua, "I borrowed my neighbour money," msomaji hatajua ni nani adaiwaye.

2. NDIYO. Tukiulizwa "Hukuchukua kitabu?" yeye asiyechukua hujibu "Ndiyo," yaani, ni kweli kama usemavyo, sikuchukua. Mwingereza hajibu hivyo. Yeye hulitazama tendo lenyewe: ikiwa lilitendeka, husema "Yes", ikiwa halikutendeka, husema "No." Basi mtu asiye na hatia akiulizwa "Did you not take the book?" naye akajibu "Yes," amekiri wizi kwa kinywa chake mwenyewe. Yafaa asijibu kwa neno moja tu. Aseme "No, I did not take it," na maana itakuwa wazi.

3. POLE. Sisi humpa pole aliyejikwaa, aliyefiwa, na hata arudiye shambani amechoka. Kwa aliyefiwa, "I am sorry" yafaa sana. Lakini Mwingereza hulitumia neno hilo pia aombapo radhi. Akijikwaa njiani, nawe ukamwambia "Sorry," huenda akakujibu kwamba kosa si lako, akistaajabu kwa nini waomba radhi. Na arudiye kazini usimwambie "Sorry," maana hakupatwa na msiba. Mwambie "You must be tired."

4. SAA. Kwetu jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa kuwa hatuko mbali na ikweta. Kwa hiyo twahesabu saa za mchana tangu macheo. Katika London jua la Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na mwisho wa Desemba huchomoza baada ya saa 2 asubuhi. Hesabu yetu isingewafaa watu wa huko. Wao huanza kuhesabu katikati ya usiku, kisha huanza tena adhuhuri. Tofauti yetu nao ni saa 6: "seven o'clock" ni saa 1, "ten o'clock" ni saa 4, na "two o'clock" ni saa 8.

Msafiri wa Mbeya aliyeandikiwa 6:00 ya asubuhi katika tiketi yake, akaenda kituoni saa 6 mchana, atakuta basi limekwisha pita Makambako, nalo laelekea Iringa. Nauli imepotea, na safari pia. Basi, kabla ya kuondoka nyumbani ulizeni: Saa hii ni ya Kiswahili au ya Kizungu?

Katika yote manne kosa ni lile lile: mtu ametafuta neno la Kiingereza kabla ya kuipima maana anayotaka kuieleza. Jiulizeni kwanza: Nani atoa, na nani apokea? Jambo lilitendeka, au halikutendeka? Kisha ndipo mseme.

MASWALI

1. Sahihisha: "Please borrow me your hoe."
2. Hukuchelewa shuleni leo. Mwalimu akiuliza "Were you not late?" utajibuje?
3. Treni itaondoka "at four o'clock in the afternoon." Kwa Kiswahili ni saa ngapi?