Dondoo Muhimu: Tezi Nyekundu Jichoni mwa Mbwa

Mbwa alindaye zizi Handeni, au nyumba iliyo kando ya mashamba ya mkonge Korogwe, huweza kuonekana asubuhi na kinundu chekundu pembeni mwa jicho, upande wa puani, nacho aghalabu ni tezi ya ukope wa tatu iliyochomoka mahali pake, maradhi yawapatayo hasa mbwa wasiotimiza miaka 2.

- Usikate kinundu wala kukitoboa. Tezi hiyo hutoa takriban theluthi moja ya machozi, au zaidi, na mbwa aliyeondolewa tezi hiyo huweza kukaukiwa na jicho hata likaingia ukungu na kupofuka.
- Safisha tongotongo kwa upole, kwa kitambaa safi na maji yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa, ukimzuia mbwa asijikune.
- Usitie dawa ya macho ya binadamu bila ya idhini ya daktari, kwani zenye steroidi huzidisha kidonda cha jicho.
- Mwone daktari wa mifugo wa wilaya mapema. Tezi iliyosukumwa kwa kidole hurejea nje mara nyingi. Tiba ya hakika ni upasuaji wa kuirudisha na kuishona, na kwa shida kubwa uliza juu ya rufaa ya kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.
- Baada ya upasuaji, mvishe kola ya kuzuia kujikuna, timiza dawa zote, na ulichunguze jicho la pili, kwani nalo huweza kupatwa.

Ewe mfugaji, mtendee insafu mnyama akulindaye usiku kucha: usicheleweshe tiba yake.