Haki ya Mwanamke katika Mali: Iliyoandikwa na Inayotolewa

Watu wa zama hizi husema sana ya kuwa mwanamke amekwisha kuwa sawa na mwanamume. Wako wanaolifurahia neno hilo na wako wanaolichukia, na wachache huuliza lile lililo bora kuulizwa: mali ya marehemu ikigawanywa, mwanamke huondoka na nini mkononi?

Tutazame khabari ya Ziwa la Viktoria, ambako watu wetu wa pwani wamefanya biashara na kuoa tangu zamani. Katika nchi ya Wahaya, wilaya ya Muleba, alikuwako bibi mmoja aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wasia ulio sahihi. Alipozeeka naye hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wao. Mpwa wake akamshitaki, akisema kwamba kwa desturi ya Wahaya mwanamke hula matunda ya shamba la ukoo, wala hana ruhusa ya kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa haki mpwa. Ya Wilaya ikampa haki bibi. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akahukumu ya kuwa desturi hiyo inapingana na Hati ya Haki iliyotiwa katika Katiba mwaka 1984, na ya kuwa uuzaji ule ni halali. Mtu wa ukoo akilitaka shamba, na alikomboe kwa fedha zile zile. Wanasheria huiita kesi ya Ephrahim na Pastory.

Je, dhulma ikaisha? La. Desturi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zasema kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma, wa upande wa Shinyanga, waliilalamikia desturi hiyo mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji wakakiri kwamba ina ubaguzi, na pamoja na hayo wakakataa kuifuta. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema kwamba wajane wale wamedhulumiwa. Mjane amekwisha kutolewa nyumbani, na kamati iko Geneva!

Hapa Mwislamu atasema: Alhamdulillahi, sisi hatumo katika hayo. Ni kweli kwamba hatumo kwa maandiko. Suratun Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la wanawake katika mali ya wazazi na jamaa, iwe chache au nyingi. Aya ya 19 imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, kana kwamba ni vyombo vya nyumba. Chukua mfano. Mtu amefariki Mwanza, ameacha mke, mwana mmoja na binti wawili. Wazazi wake wamekwisha kufa. Baada ya maziko, madeni na wasia, mali iliyosalia, duka na mitumbwi ya dagaa, ni shilingi 32,000,000. Mke ana thumuni, 4,000,000. Zilizobaki ni 28,000,000: mwana 14,000,000, na kila binti 7,000,000. Na mahari ambayo mume hakuyamaliza ni deni, hutolewa kabla ya kugawanywa kitu.

Suala: Kwa nini binti apate nusu ya nduguye? Jawabu: Kwa kuwa mwanamume ndiye atoaye mahari na nafaka ya mke na watoto, na mwanamke hadaiwi nafaka ya nyumba. Asiyeridhika na hesabu hii ana hoja zake, na wanavyuoni wamezijibu. Lakini yule asiyetoa hata hiyo nusu, hoja yake ni ipi?

Maana wako wenzetu wa namna hiyo. Bara hakuna mahakama ya kadhi ya serikali. Mirathi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na huangaliwa marehemu aliishi kwa mwendo gani, wa dini au wa mila. Hapo mtu aliyemzika baba yake Kiislamu, akamsomea khitma siku zote, hukumbuka ghafula mila ya babu, kwa sababu mila humpa yeye shamba zima. Na pwani kwetu tusijione wema: dada huitwa barazani mbele ya wazee, akaambiwa, "Mwachie kaka yako, wewe una mume." Naye kwa haya hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa kuwa ni msamaha.

Msamaha wa namna hiyo haufai kitu. Njia iliyo safi ni mali ihesabiwe mbele ya mashahidi, mafungu yaandikwe kwa majina, na dada akabidhiwe lake, liwe fedha au hati ya nyumba. Likiisha kukaa mikononi mwake, akipenda kumpa nduguye siku ya pili au mwaka wa pili, hiyo ni hiba yake, na hakuna wa kumzuia.

Wallahu aalam.